Upungufu

Likizo ya Agosti. Wenzangu wamepanda basi kwenda kwao,
mimi nimepewa ovaroli ya mtu mrefu
na kadi ya shingoni: MGENI, WIKI TATU.
Barua ilisema mwalimu aende viwandani
akaione hesabu ikifanya kazi.

Basi mimi, Mghoi, wa Kidato cha Tatu Mashariki,
nikaingia ghala la chai, Shimanzi,
nikapiga chafya mara saba kabla ya salamu.

Vumbi la chai halina adabu. Hulala kwenye kope,
hujaza mistari ya kiganja, na usiku nikioga
maji hutiririka sakafuni rangi ya strungi.

Miaka kumi na miwili nimefundisha asilimia
kwa machungwa ya Juma na mbuzi wa Asha.
Machungwa ya Juma hayaozi.
Mbuzi wa Asha hafi, hata mwaka wa ukame.
Huku gunia huingia na kilo sitini na tano kamili,
na likitoka, "kamili" imebaki ndani.

Mwero, karani wa mlango wa pili, shule aliiachia kidato cha pili.
Hutia mkono guniani hadi kiwiko, hufumba ngumi, hufumbua:
"Unyevu, nne u nusu."
Mashine ikasema nne nukta nane.
"Ina homa leo," akasema, akaandika yake.

Siku ya sita meneja akaniita.
"Mwalimu, kila mwezi twapoteza sufuri nukta nne ya asilimia.
Magunia mia na sitini. Nitafutie mkono."
Hakusema sababu. Alisema mkono.
Nami nilifurahi, Mungu anisamehe,
kama mtoto aliyeitwa ubaoni jibu likiwa mdomoni.

Nilipima. Nilipanda ngazi, nilihesabu mishono iliyofumuka,
nilimpandisha Mwero kwenye mizani, kisha mimi, kisha sote wawili:
jumla ikakataa kujumlika.
Mizani ya mlango wa pili ilikuwa mwongo.
Sehemu nyingine ilikuwa hewa tu, chai ikikauka
kama inavyokauka, bila kumwibia mtu.

Ikabaki chembe. Nikaifuata nyuma ya ghala
hadi kwa Mbodze na wenziwe wanne, vibarua wa siku,
wakichekecha taka za ufagio: mchanga huku, nyuzi huku, chai huku.
Jioni kila mmoja hutoka na fundo katika pindo la leso,
ukubwa wa yai.

Mbodze hakuficha. Alinimiminia kikombe.
"Onja. Imekanyagwa na kila mtu, lakini yakolea."
Ilikolea.
Akaitazama karatasi yangu, safu kwa safu, kwa kidole.
"Na yai letu umeliweka wapi?"

Usiku ule nilikokotoa kitandani.
Mayai matano, gramu hamsini kila moja, siku ishirini na sita:
kilo sita u nusu. Sehemu ya kumi ya gunia moja
katika magunia elfu arobaini.
Ni ndogo hivi kwamba kikokotoo kiliijaza sufuri
mpaka nikachoka kuzihesabu.
Lakini meneja hakutaka udogo. Alitaka mkono,
na mikono ile kumi ningeweza kuitaja kwa majina.

Niliandika ripoti. Mizani. Ukavu. Mishono.
Na chini, kwa mwandiko wa ubaoni:
*Majibu yote yamekadiriwa hadi nafasi moja ya desimali.*
Mayai yakatoweka, kihalali, kwa kanuni
ninayoifundisha kila muhula wa kwanza.

Septemba. Chaki tena, vumbi jeupe safari hii.
Nimeandika: Ghala lina magunia elfu arobaini.
Sikumtaja Juma.
Nyamawi, dawati la mwisho, ameinua mkono:
"Mwalimu, tukadirie hadi wapi?"

Nimegeuka kuujibu ubao.
Kucha zangu bado zina weusi wa chai pembeni.